Timazi ya Nyangau na Ukuta wa Ochanda

Nyangau, fundi mwashi wa Kebirigo, alikuwa na jicho moja la kazi na jingine la kufumba. Akilifumba la kushoto akaitazama pembe ya ukuta, angekuambia imepinda kiasi gani, na timazi, kamba yenye uzito nchani, ikishushwa, kila mara ilikubaliana naye. Jicho hilo alilipata kule Nyansiongo, siku za kuchanganya saruji kwa koleo, na kwa miaka thelathini lilimlisha yeye, mkewe Persis na watoto wanne. Nyumba nyingi za matofali ukipanda kutoka sokoni ni kazi yake. Hata leo akipita huzitazama moja moja, kama mtu anayehesabu ng'ombe wake.

Basi fikiria alivyoumia pale Bonareri, muuguzi aliyeko ng'ambo, alipotaka kumjengea mamake nyumba mpya, na kazi akampa Benard Ochanda, kijana wa upande wa ziwani. Bonareri huyo alizaliwa katika nyumba iliyojengwa na Nyangau!

Sababu ilikuwa mkataba mwerevu, ndivyo vijana walivyouita. Hukaa kwenye simu na hujitekeleza wenyewe. Pesa hufungiwa humo. Fundi akimaliza hatua, shahidi huipima na kubonyeza "sawa", na pesa humfikia fundi papo hapo bila kubembelezana. Shahidi asipobonyeza kwa siku tatu, mkataba huhesabu kwamba hatua imeshindikana na kumtoa fundi. Nyangau aliukataa. "Mimi nipimwe na simu?" alifoka. Ochanda akaukubali.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, mwenyeji akaugua. Nyangau alimwonea wivu kwa vijana wake wanne, kwa buti zake mpya, hata kwa mluzi aliopiga akipanga matofali. Na juu ya yote, Bonareri akampigia kumwomba awe ndiye shahidi. Alikubali haraka mno.

Jumatano saa sita mchana ukuta ulifika usawa wa linta, juu ya madirisha. Nyangau akaenda na timazi yake, akiomba, Mungu amsamehe, akute kosa. Alipima pembe zote nne. Kila mara kamba ililala sambamba na ukuta.

"Nitabonyeza," alisema, akaenda zake.

Alhamisi hakubonyeza. Ijumaa asubuhi Persis akamwambia, "Baba Sheila, si ni kidole kimoja tu?"

"Niache."

Saa kumi jioni Ochanda alibisha hodi, kofia mkononi. "Mzee, naona bado."

"Nitaangalia."

Hakuangalia kitu ila jua. Alikaa uani mpaka likazama, kisha akapumua. Sabato imeingia, kazi haiguswi. Ochanda naye ni Msabato, kwa hiyo hangeweza kumbishia. Lakini mkataba haukujua Sabato, na siku tatu zilikuwa zinaisha Jumamosi saa sita mchana. Saa hiyo ilimkuta Nyangau kanisani, akiimba. Simu ikatetemeka mfukoni. Hakuitoa, kwa maana alijua inasema nini.

Jumapili Bonareri akapiga. "Baba Sheila, mkataba unasema ukuta haukupita, na umemtoa Ochanda. Mimi nakuamini wewe. Tafadhali ubomoe, ujenge upya. Tutaandikiana kwa karatasi kama zamani."

"Sawa, mwanangu," akajibu. Kazi aliyoitamani ikawa yake.

Jumatatu alifika na nyundo kubwa. Ochanda na vijana wake walikuwa wakikusanya vifaa vyao. Ochanda akamwendea, bila ukali.

"Mzee, ni mimi niliyemwomba Bonareri akuweke shahidi. Kazi hii niliipenda kwa kutazama kuta zako. Sasa nionyeshe penye kosa, nisije nikalirudia kwingine."

Nyangau akatoa timazi. Akaishusha kwenye pembe ya kwanza, ikatulia. Ya pili ikatulia, na ya tatu. Vijana wakasogea kutazama. Kwenye ya nne kamba ilicheza kidogo, kisha nayo ikatulia mbele ya macho ya wote.

Akailaza nyundo chini. Akampigia Bonareri, na sauti akaifungua ili kila mtu asikie.

"Mwanangu, ukuta umenyooka. Haubomolewi. Mrudishe Ochanda."

"Kama umenyooka, mbona hukubonyeza, Baba Sheila?" Akajijibu mwenyewe. "Ah, ilikuwa Sabato?"

Mlango wa kutokea ulikuwa huo, wazi kabisa, na hakuna ambaye angembishia. Nyangau alimtazama Ochanda, aliyekuwa bado ameishika kofia yake.

"Hapana," akasema. "Kabla ya Sabato nilikaa na simu mkononi siku mbili nzima. Ulikuwa wivu."