Masizi ya Uso wa Bibi

Niliamini, tena kwa asilimia mia mbili, kwamba masizi ya nembo, zile chale za usoni, husafiri. Ukichanjwa uso na kupakwa masizi ya mbarika, watu walisema, yanazama mwilini pole pole, mwaka hadi mwaka, na siku yakifika moyoni, umekwisha. Ushahidi? Watazame wazee. Nembo zao zimefifia. Zimekwenda wapi, kama si ndani?

Bibi yangu wa Chilangala alichanjwa kuanzia paji la uso hadi kidevuni, na mistari yake ilikuwa imepauka. Kwa hesabu zangu, masizi yalishapita shingo.

Biashara ilikuwa imeachiwa huria, na Tandahimba wachuuzi walizidi mikorosho. Mmoja aliniuzia kichupa cha dawa ya kuvuta masizi nje. Nikampelekea bibi habari.

“Mume wangu,” akasema, kwa utani wa bibi na mjukuu, “uso huu umekuchosha?”

“Nataka uishi, bibi.”

“Haya, kilete Jumamosi. Ila ukinibabua, utakaa nami hivyo hivyo.”

Ijumaa jioni nilikuwa Masasi, kwenye darasa la watu wazima, kichupa mfukoni, tayari kwa basi la alfajiri. Mwalimu wetu, ambaye mchana alikuwa tabibu wa zahanati, alifundisha jinsi seli inavyokula bila kinywa. Maji na vilivyoyeyuka humo, alisema, huingia kwa matone: utando wa seli unabonyea, unajifunga, tone limo ndani. Mizigo mingine haipiti mpaka inaswe na kipokezi chake pale juu ya utando. Na punje kubwa, kama kijidudu, seli maalumu huizungushia mwili wake, kama vidole vinavyofumbata tonge.

“Na masizi ya nembo, mwalimu?”

“Hufumbatwa hivyo hivyo.”

“Halafu yanaelekea moyoni?”

Darasa zima, nadhani na popo wa darini, lilicheka. Nikatoa kichupa, nikaeleza habari ya Jumamosi. Mwalimu alikinusa, akakohoa, akakitia kwenye mfuko wa koti lake.

“Hayaendi moyoni,” alisema. “Yamemezwa na seli za ngozi, nazo haziwezi kuyasaga. Seli ikifa, jirani yake anayameza tena, pale pale. Nembo hufifia kwa kuwa machache huishia kwenye tezi za shingoni, basi. Bibi yako hana ugonjwa. Hii dawa ingemuunguza uso.”