Sisimizi wa Dada Benigna

Enzi zetu, pale Songea, mtoto hakununuliwa mdoli. Alijitafutia mwenyewe kitu cha kupenda. Maduka ya watu binafsi yalikuwa yamefunguka tena, sukari imerudi, mitumba inamwagwa chini sokoni, na kila nyumba ilikuwa na kitu kipya cha kujivunia. Sisi tulikuwa na sisimizi.

Dada yangu Benigna ndiye aliyewaanzisha. Mwenye duka jirani alimpa chupa ya kioo ya kuwekea pipi, ile kubwa ya mdomo mpana, iliyopata ufa. Benigna akachimba nyuma ya jiko, akamhamisha malkia na watu wake pamoja na udongo wao, akafunga mdomo wa chupa kwa kitambaa. Tuliifunika kwa gunia, maana kwenye mwanga hawakuchimba karibu na kioo. Ukilifunua ghafla uliona vijia, vyumba, na mayai meupe kama chenga za mchele. Tuliwalisha makombo ya ugali na kumbikumbi. Ukitega sikio ulisikia mchakacho mwembamba, kama mtu anayesali bila sauti.

Mama hakuwapenda. Kila sisimizi aliyekufa alibebwa hadi kona moja ya chupa, akalazwa juu ya wenzake. "Kitu kinachozika wafu wake hakifugwi," alisema, akifanya ishara ya msalaba. Tulicheka. Watoto wa leo wana wanyama ndani ya simu. Wakifa, unabonyeza wanafufuka. Wetu walikufa kweli.

Alasiri moja ya mvua, Baba akiwa Namtumbo kwenye tumbaku, tulifunua gunia tukakuta chupa imenyamaza. Hakuna aliyechimba. Wote walikuwa juu, wamejibana chini ya kitambaa, wengi wameshika mayai mdomoni, hawatembei. Chini walibaki wafu tu.

"Wanamwogopa nani?" Benigna akanong'ona.

Mara kuku wakalia, na jirani yetu Mama Osmunda akapaza sauti: "Siafu! Siafu hao, wanapanda kutoka bondeni!"

Kwetu siafu hawakupigwa vita. Walikuwa wageni. Ulitoa kuku na chakula, ukaacha milango wazi, ukawapisha wakusafishie kunguni na panya. Mama akatoka chumbani na bunda la blanketi na nguo kifuani. Benigna, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kumbeba mdogo wetu Efremu, akatoka amefunga mbeleko, mgongo umetuna. Tukasimama barazani kwa Mama Osmunda tukitazama ukuta wetu ukigeuka mweusi na kutembea. Ndani mende walidondoka kutoka darini kama kokoto. Panya mmoja akalia, kisha hakulia tena.

Mama alikuwa mtulivu. Alisogea nyuma ya Benigna, akavuta khanga kufunika vizuri kile kilichokuwa mgongoni, akawa anakipigapiga taratibu huku akiimba wimbo wa Bikira Maria. Benigna alinitazama kwa mshangao. Mama amewapenda lini sisimizi?

Kisha maziwa yakamjaa. "Haya, nipe nimnyonyeshe."

"Nani, Mama?"

"Nani? Mdogo wako, wewe!"

"Si umembeba wewe kwenye blanketi?"

Mama akaingiza mkono ndani ya mbeleko. Bado nauona uso wake vidole vilipogusa kioo. Hakupiga kelele. Alisema tu "Yesu," kama anayemwita mtu aliye karibu, akakimbia.

Mama Osmunda alimfuata na karai la majivu ya moto, akiyamwaga mbele ya miguu yake. Nyumba ikawameza wote wawili, isitoe sauti yoyote. Benigna aliiweka chupa chini, akakaa kando yake. Mimi nilianza Baba Yetu, nikasahau maneno katikati, nikaanza upya, nikasahau tena palepale.

Wakatoka. Efremu alikuwa mweusi. Mdomo wake ulikuwa wazi na ulikuwa unatembea, lakini hakuwa analia. Mama alichomoa siafu kwa kucha, kwenye kope, puani, masikioni. Vichwa vingine vikabaki vimeng'ata ngozi. Akampindua, akampiga mgongoni. Efremu akakohoa. Akalia. Sijasikia kinanda cha kanisa kinachoizidi sauti ile.

Siafu walipopita, nyumba ilikuwa safi kama altare. Chupa tuliikuta barazani kwa Mama Osmunda, nako walikuwa wamepitia: kitambaa kimetobolewa, udongo mtupu. Hata makaburi walikuwa wameyabeba. Benigna hakufuga kitu tena.

Tangu hapo Mama hakumpita mwanamke mwenye mtoto mgongoni bila kumsimamisha, iwe njiani kwenda misa au kwenye magari ya Peramiho. Ukimpa shikamoo, alijibu, "Marahaba, nionyeshe uso." Alifunua, akatazama, ndipo akakuruhusu uende. Wengine walimwita kichaa. Alipopofuka uzeeni, alipapasa. Efremu sasa ana mvi, na sikio lake moja halisikii vizuri.

Siku hizi mabinti wanabeba watoto kifuani kwa mikoba ya dukani yenye vifungo. Mtoto anamtazama mama, mama anatazama simu. Sisi wazee tunawacheka. Lakini juzi binti yangu alikuja hivyo kutoka stendi, kwa miguu, uso wa kichanga ukiwa pale wazi mbele ya ulimwengu mzima, nami nikamshukuru Mungu. Nikamuuliza kama kuna aliyemsimamisha njiani amtazame mtoto.

Akanishangaa. "Anisimamishe kwa lipi, Mama?"