Vistari vya Gurudumu la Baba

Enzi zetu sisi watoto wa Lindi, ambao leo tunaitwa bibi na babu mchana kweupe, hukuthubutu kumpita mtu mzima bila kumpa shikamoo. Ukipita kimya, habari ilifika nyumbani kabla yako, na fimbo ulikuta imeshachumwa. Tuliamkia kila mtu, hadi wazee waliosinzia barazani, maana hujui nani kafumba macho na nani anakuangalia kwa jicho moja. Nami nakiri mbele yenu, wenzangu, kwamba shikamoo moja niliyoitoa nikiwa na miaka kumi iliharibu chuma cha watu na kunifichulia siri ya baba yangu.

Baba alikuwa fundi mkerezaji. Karakana yake ilikuwa banda la mabati njia ya kwendea Mitwero, na ndani yake mlikuwa na mashine moja tu, nzito, ya kijani kilichochubuka, aliyoinunua shamba moja la mkonge lilipofungwa. Kwa asiyeijua mashine hiyo: chuma kinafungwa, kinazungushwa na mota, halafu kisu kikali kinakisogelea na kukimenya taratibu kama unavyomenya muhogo. Kisu kinasogezwa kwa gurudumu la mkono. Kwenye shingo ya gurudumu kuna pete ya chuma yenye vistari na namba, na hivyo vistari ndivyo vinavyomwambia fundi kisu kimefika wapi. Mwendo wa kistari kimoja ni mwembamba kuliko unywele. Ukizidisha viwili vitatu, umeharibu, maana chuma kikishamenywa hakirudishiwi ganda.

Harufu ya banda lile naijua mpaka leo. Mafuta yaliyoungua, chuma cha moto, na moshi wa korosho alizokuwa akichoma mama uani, ule moshi unaokwaruza koo mpaka machozi yatoke. Tukitoka shule tulitupa madaftari tukakimbilia chini ya mashine kuokota nyuzi za chuma zilizojikunja, nyingine za buluu, nyingine rangi ya dhahabu. Tulizivaa mikononi kama bangili tukajiona mabibi harusi, na zilitukata weee! Mama alitupaka mafuta ya taa, tukapiga kelele, kesho tukazivaa tena. Halafu ni mpira wa rede mpaka adhana ya magharibi, na tumboni mna muhogo wa kuchemsha na mabibo ya mikorosho yaliyotuwasha midomo. Mtoto wa siku hizi mpe bibo uone. Kwanza alipige picha, kisha alinuse, kisha aulize kama kuna soda.

Baba alikuwa mpole na mwenye masihara, ila kazi ikifika mwisho hakusema na mtu. Aliweka kiganja juu ya gurudumu akaligonga kidogo kidogo, tap, tap, tap, huku midomo ikicheza. Sisi watoto tuliamini anavuta uradi ili chuma kimtii. Tulipita kwa kunyata.

Basi siku chache kabla ya Ramadhani, akaja Bi Somoe kutoka Milola. Huyu mama alikuwa na mashine ya kusaga, ya pekee kijijini kwao wakati ule, na shafti yake ilikuwa imekatika. Ina maana mwezi mtukufu unaingia na wanawake wa Milola wanarudi kwenye kinu na mchi, wafunge na watwange. Chuma cha kutengenezea shafti mpya kilitafutwa wiki nzima, kikapatikana kimoja tu, ekseli ya lori bovu. Bi Somoe hakutaka kutumiwa habari. Alikaa mwenyewe kwenye benchi la karakana, kanga mbili, mkeka wa kuswalia pembeni, akamwambia baba, "Fundi, mimi sirudi bila shafti. Nikirudi mikono mitupu wale wanawake watanitwanga mimi."

Mchana ule chuoni, tulikosomea Kurani, mwalimu wetu alikuwa ametusema sana. Kwamba kuna watoto wanawapita wazazi wao kama wanapita nguzo. Alipotaja nguzo aliniangalia mimi, wallahi. Nikatoka pale moyo unaniwaka, nikaingia karakana moja kwa moja, nikasimama mbele ya baba na kusema kwa sauti ya mtoto anayetaka thawabu zake zote kwa pamoja, "Shikamoo baba!"

Kiganja chake kikasimama juu ya gurudumu. "Marahaba mwanangu. Umetoka chuo?"

"Ndiyo, baba. Habari za kazi?"

"Njema."

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema Bi Somoe. "Hawajambo huko? Mama hajambo? Mtoto ana adabu huyu, fundi, mashaallah."

Salamu za kwetu mnazijua, haziishi mpaka ziishe. Tulipomaliza, baba akasita, akakunja uso kidogo, kisha akaendelea. Tap, tap, tap. Kisu kikapita. Akazima mota, akachukua beringi aivalishe kwenye shafti. Beringi hutakiwa kuingia kwa shida, kwa kugongwa na nyundo ya mti. Ile ikateleza yenyewe mpaka mwisho, ikacheza kama pete ya bibi harusi aliyekonda.

Baba akaitoa, akaivalisha tena, ikateleza vile vile. Bi Somoe naye aliona. Mimi ndiye niliyefungua mdomo, mtoto hana breki. Nikaionyesha ile pete ya gurudumu, "Baba, kwa nini huangalii namba? Si imeandikwa hapa? Ipo ishirini na saba."

Akaniangalia. Kisha akainama, akaisogelea ile pete mpaka pua ikakaribia kugusa chuma, akarudi nyuma, akasogea tena. Bi Somoe akakohoa, akageuka kutazama barabarani. Hapo nikaelewa, japo nilikuwa mdogo, kwamba baba yangu havioni vile vistari. Kumbe haukuwa uradi. Alikuwa anahesabu mapigo ya kiganja chake, kila pigo kistari kimoja, na mimi nilikuwa nimemkata hesabu kwa adabu zangu.

"Nimekosea mimi, dada," akamwambia Bi Somoe. Hakunitaja hata kidogo. Afadhali angenichapa, ningelia nikasahau. Jioni alinikalisha juu ya kopo la mafuta akaniambia kwa sauti ya chini, "Fundi akisema haoni, kazi zinamhama. Zikinihama tunarudi kijijini Mitole kulima, na shule yako imekwisha. Usimwambie mtu." Nililia usiku ule nikijifunika kanga ya mama, si kwa kuogopa jembe, ila kwa kumwonea huruma baba.

Mama yeye alijua siku nyingi. Alimnunulia miwani sokoni, baba akaiweka mfuko wa shati na hakuivaa, eti miwani ni ya makarani, mteja akiiona atakimbia. Mama akamwambia, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Baba akacheka, akasema yeye haumwi, vistari ndivyo vimefifia.

Kesho yake shafti ilipelekwa kwa fundi wa kulehemu, ikajazwa pale ilipopungua, ikarudishwa. Safari hii nilisimama juu ya lile kopo, kichwa kikiwa sawa na gurudumu. "Soma," baba akasema. Nikasoma. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu na nusu. Basi! Beringi ikaingia kwa kugongwa, ko, ko, ko, vile inavyotakiwa. Bi Somoe akaibeba shafti yake imefungwa kanga, na mlangoni akamgeukia baba. "Fundi, huyu mtoto asikose shule. Ila jioni asikose hapa." Hakumwambia mtu. Ramadhani ikaingia, akatuletea unga wa muhogo mweupe pepe, tukala futari tukamwombea dua.

Tangu hapo nikawa namba za baba. Nikitoka chuo, naingia karakana bila salamu, napanda kopo, nasoma. Majirani walinisema kuwa mtoto wa fundi hana adabu, nami nikanyamaza na dhambi yangu. Niliisugua ile pete kwa majivu, nikajaza chokaa kwenye vistari vikawa vyeupe, nikidhani pengine ataviona. Hakuviona, lakini alinisifu. Akanifundisha kwamba gurudumu letu limezeeka, skrubu yake imelika, ukirudi nyuma linazunguka hewa kabla kisu hakijatikisika. "Vistari vinasema kweli ukienda mbele tu," alisema. "Ukirudi nyuma, vinakudanganya." Kwa hiyo ukipitiliza, unarudi nyuma mbali, halafu unakuja mbele upya, polepole. Hayo sikuyasoma popote, yaliniingia kwa kusimama juu ya kopo.

Nilimaliza shule, nikaolewa hapo hapo Mitwero, na gurudumu sikuliacha. Leo karakana ni yangu. Baba aliacha kazi miaka mingi sasa, akasema ni magoti, hawezi kusimama. Tulimwamini, maana magoti ya wazee yanauma kweli.

Mwaka huu nikafunga kitu nilichokitamani siku nyingi. Ni kioo cha namba. Unabandika kipimo chembamba kama rula ubavuni mwa mashine, kinapima mwendo wa kisu chenyewe, na kioo kinakuandikia umefika wapi, kwa namba nyekundu kubwa kama za saa ya msikitini. Uende mbele, urudi nyuma, skrubu ilike isilike, kioo hakidanganyiki. Mashine ile ile ya mkonge, gurudumu lile lile, ila sasa inasema.

Vijana wangu wa karakana wamekipenda mno. "Bi mkubwa, hii noma," wananiambia. Wanafanya kazi huku wanapiga soga, sikioni wamechomeka muziki, akija mgeni wanamwamkia, wanauliza habari za Dar, wanauliza mpira, na shafti inatoka sawasawa. Naona wivu, nasema kweli. Lakini umeme ukikatika, na ufundi nao umekatika. Wanakaa benchi na simu zao, ukiwaambia wahesabu kwa kiganja wanakutazama kama umewaambia wapande punda kwenda Masasi. Sisi tulijua chuma kwa mlio wake na kwa joto lake. Wao wanakijua kwa kukisoma. Siwalaumu. Hakuna binti anayesimama juu ya kopo badala ya kucheza rede, na hakuna mteja anayeharibiwa mali yake kwa sababu mtoto kasalimu.

Ila nilipokifunga kile kioo sikuwa na vijana moyoni. Nilikuwa na baba. Nilichagua chenye namba kubwa kuliko zote kwa ajili yake, nikawaza, magoti nitamwekea kiti kirefu, na namba kama zile hata yeye atazisoma. Nilitaka akereze shafti moja tu tena, peke yake, bila mtu kumsomea.

Nikamleta Jumamosi, vijana hawapo. Nikamkalisha, nikamwambia, "Baba, kioo ndicho hicho mbele yako, chenye namba nyekundu. Zungusha bila mota kwanza, nione kama unazisoma." Akaweka mkono kwenye gurudumu, na mkono ukalijua. Mzunguko mmoja kwenye mashine yetu ni milimita tano.

"Tano," akasema, uso ameuinua kuelekea kioo. "Kumi. Kumi na tano. Kumi na saba na nusu. Mashaallah, mwanangu, zinaonekana hizi. Zimenyooka."

"Unaziona vizuri, baba?"

"Kama jua la saa sita. Rangi yake nzuri hii nyekundu. Ishirini. Ishirini na tano."

Nikatazama kioo ili nifurahi naye. Kilikuwa cheusi. Nilikuwa sijachomeka waya.

Nikautazama mkono wake kwenye gurudumu. Alikuwa anahesabu kwa mkono, mzunguko kwa mzunguko, sawasawa kabisa, na kunisifia namba ambazo hazikuwepo, nisijione nimehangaika bure. Miaka yote hii nimeamini magoti. Nikanyata nyuma ya mashine, nikachomeka waya. Namba zikawaka nyekundu hapo hapo usoni pake. Wala hakupepesa.

"Thelathini," akasema. "Kazi nzuri, mwanangu."

"Ahsante, baba," nikamjibu, na machozi nikayafuta kwa kanga, bila kuvuta kamasi asije akanisikia.

Jumatatu tunakwenda hospitali ya mkoa, kwa daktari wa macho. Kama ni mtoto wa jicho, siku hizi anatolewa asubuhi, mchana mtu yuko nyumbani anakula ubwabwa. Baba bado hajui. Nimemwambia anisindikize mjini tukachague beringi, naye amekubali, amesema beringi hainunuliwi hivi hivi, lazima mtu aitazame.