Ikoni Katika Mfuko wa Shati

Tangu mkewe Saveta azikwe, Ilarie Mogoșan hakugusa wembe. Ndivyo wafanyavyo wanaume wa kwao: siku arobaini ndevu huachwa, mpaka ngano ya marehemu ichemshwe, ibarikiwe kanisani na kugawiwa watu. Siku ya nne alirudi kazini hivyo hivyo, kwa sababu nyumbani saa ya ukutani ilikuwa inapiga kelele kuliko alivyowahi kuisikia.

Kazi yake ilikuwa katika banda moja nje ya mji wa Sibiu, kwenye magari yanayojiendesha. Katika nguzo ya usukani wa kila gari kuna kihisi kidogo kinachopima usukani umezunguka kiasi gani. Gari lenyewe halijui tairi zake zimeelekea wapi. Hukiuliza kihisi, na kikidanganya, nalo hudanganyika. Kwa hiyo Ilarie alizinyoosha tairi kwa kamba na rula, akainama hadi kifua kikaribie kuigusa nguzo, akasoma namba kwenye kompyuta, kisha akalifundisha gari: hapa ndipo sifuri. Wenzake walifanya hivyo wakiwa wamesimama. Yeye hakuamini kitu asichokichungulia.

Wiki ya nne Dorin, dereva wa majaribio, alirudi kutoka uwanjani akitikisa kichwa.

"Kaka Ilarie, gari lako limelewa. Linaambaa mstari wa kulia kama mtu anayetoka harusini."

"Ni tumbo lako hilo limelilemea upande mmoja."

"Tumbo langu lilikuwepo hata mwezi uliopita, na gari lilinyooka!"

Ilarie alitabasamu, mara ya kwanza tangu mazishi, akalirudisha gari bandani. Akazinyoosha tairi na kuinama. Sifuri. Akarudi nyuma kuchukua tochi: nusu digrii. Akainama tena: sifuri. Akasimama: nusu digrii.

Mkono wake ukaenda wenyewe kifuani.

Mfukoni mwa shati mlikuwa na ikoni ya Mama wa Mungu, picha takatifu ndogo kama biskuti, ambayo Saveta aliinunua monasterini. Miaka kumi na miwili ilikaa kwenye mlango wa friji, ikishika karatasi ya vitu vya kununua. Siku ya mazishi Ilarie aliibandua pamoja na karatasi yake ya mwisho, na tangu hapo haikutoka mfukoni. Nyuma yake kulikuwa na sumaku. Na kihisi kile husoma sumaku ndogo inayozunguka na usukani. Ukikisogezea nyingine, kinachanganyikiwa. Onyo lilikuwa ukutani: SUMAKU MARUFUKU. Ilarie mwenyewe ndiye aliyeliandika. Lakini nani humtazama Mama wa Mungu akaona sumaku?

Tangu mazishi alikuwa ameyapitisha kwa saini yake magari sita. Jumatatu yangeingia mjini, kiti cha dereva kitupu.

Hakuna aliyejua. Angenyamaza, lawama zingeangukia vihisi. Angesema, huenda wangemtoa kazini akiwa na miaka sitini na moja, na nje ya banda lile hakubakiwa na mahali pengine ila nyumba yenye saa.

Alisali kidogo, akapanda ngazi kwa mhandisi Ruxandra.

"Mama mhandisi, magari sita yana sifuri ya uongo. Kosa ni langu."

"Uongo wa namna gani?"

Akaitoa ikoni na kuisogeza kwenye kabati la chuma. Ikajishika, tak. Ruxandra alifanya ishara ya msalaba kwanza, ndipo akakasirika.

"Bwana Ilarie! Wewe, katika watu wote?"

"Mimi."

"Unajua kwa hili naweza kukufukuza?"

"Najua. Lakini Jumatatu watoto wanakwenda shule."

Mama yule akaitazama ikoni, akamtazama Ilarie na ndevu zake.

"Utayarudia yote sita, Dorin akikagua. Halafu nenda nyumbani mpaka arobaini ipite. Mfiwa hakupaswa kuwa hapa, na mimi niliona nikanyamaza."

"Nipe adhabu nyingine, mama. Nitafagia banda."

"Nenda nyumbani, Bwana Ilarie."

Akayarudia yote sita, ikoni ikimngojea ofisini. Kila alipoinama alihisi baridi mahali pale mfukoni.

Siku ya arobaini alichemsha ngano mwenyewe, ikatoka majimaji. Dorin alikula bakuli mbili pale uani pa kanisa.

"Mungu ampumzishe," alisema. "Ila kaka, huu ni uji."

"Yeye ndiye aliyejua kupika."

Alirudi nyumbani akanyoa, akairudisha ikoni kwenye friji na karatasi chini yake. Mwandiko wa Saveta: unga, malimau, betri ya saa. Ilarie hapendi malimau. Akavaa koti, akashuka dukani, akanunua vyote vitatu.