Mama Futi na Kenchi za Paa Lake

Wateja walimwita Mama Futi kwa sababu futi kamba haikumtoka shingoni, hata akienda msibani. Alikuwa mshonaji, mjane, mwenye watoto wawili. Umeme ulipomkatikia katikati ya gauni la bibi harusi kwa mara ya tatu mwezi huo, aliamua kuweka sola.

Hakukurupuka. Wiki mbili nzima aliandika kwenye daftari kila kifaa cha nyumbani, cherehani, pasi, friji, na saa kinazotumika. Kila saa alivuka barabara, akasimama juani na kuandika kivuli cha ghorofa la jirani kimefika bati la ngapi. Saa nane mchana upande wa mbele wa paa ulikuwa giza. Upande wa uani ulipata jua mpaka jioni.

Siku fundi umeme alipokuja kupima, alimkuta shemeji wa Mama Futi, mdogo wa marehemu mumewe, amejaa mlangoni kama mwenye nyumba.

"Paneli ziwekwe mbele, watu wazione," shemeji aliagiza.

"Mbele kuna kivuli," Mama Futi alisema, akifungua daftari.

Fundi akalitupia jicho tu, akamgeukia shemeji. "Mzee, tufanyeje?"

"Shem, tuletee chai," shemeji akamwambia Mama Futi. "Haya ni mambo ya kiufundi."

Damu ilimpanda kichwani. "Chai hakuna! Umeme nitautumia mimi. Fundi, ongea na mimi, la sivyo beba mkoba wako uende."

Fundi akaomba radhi, akasoma daftari ukurasa kwa ukurasa. "Mama, umenipunguzia kazi. Ziende uani. Ila paneli ni nzito, kwanza nikague kenchi, mbao zinazobeba bati."

"Kenchi nzima hizo!" shemeji akadakia. "Nilizisimamia mwenyewe."

Kweli alizisimamia, miaka minne nyuma, kaka yake alipokuwa amelazwa hospitali. Mbao mpya zililetwa lori zima.

Fundi alipanda darini, akachoma mbao kwa bisibisi. Ikazama kama kwenye mkate. Alishuka na kipande kilicholiwa na mchwa, upande mmoja kina rangi ya kijani iliyobabuka. Mama Futi aliijua rangi ile: nyumba ya zamani ya wakwe, iliyobomolewa.

"Mbao mpya zilikwenda wapi?"

Shemeji akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Baraza lako la mbao," Mama Futi alijijibu. "Lile ulilojenga mwaka uleule, ukatuita tuje kulisifia. Wanangu wanalala chini ya uozo huu, wewe unapunga upepo kwenye mbao zao! Na kaka yako alikushukuru, kitandani, hata mkono hawezi kuunyanyua!"

"Shem, tusiyakuze..."

"Toka."

Asubuhi iliyofuata Mama Futi alifika kwa shemeji akiwa na seremala mwenye nyundo mbili. Shemeji alifoka, akatishia kuita ukoo mzima. Mkewe ndiye aliyetoa viti barazani kimyakimya, kimoja kimoja, akamwambia mumewe asogee. Kufikia adhuhuri baraza lilikuwa chini, na mbao zilikuwa ngumu vilevile.

Kenchi zilibadilishwa wiki hiyo, zilizopungua akanunua. Paneli zikapanda upande wa uani, na cherehani haijasimama tena katikati ya mshono. Shemeji alituma wazee wawili waje kumwombea msamaha. Mama Futi aliwakaribisha, akawasikiliza, akawaambia aje mwenyewe. Mpaka leo hajaja.