Tundu la Mlangoni

Mpaka leo sijui lile tundu kwenye mlango wa dereva wa kile kigari chekundu lilitobolewa na nini. Lilikuwa na upana wa ncha ya kidole, limezibwa vibaya na kupakwa rangi nyekundu.

Mke wa mnunuzi ndiye aliyeliona, kwenye gereji karibu na Soko la Burma, Nairobi, nilikokuwa nikingoja gari langu litengenezwe. Mumewe alikuwa tayari ameketi ndani, akikanyaga mafuta. Kigari kilikuwa kifupi, chenye bawa nyuma kama gari la mashindano, tumbo likikaribia kugusa ardhi.

"Na hii ni nini?" mama aliuliza.

"Kutu tu, mathe," muuzaji akajibu. "Hii gari inapaa!"

"Itapaa wapi? Kwenye mashimo ya barabara ya mtaa wetu wa Pipeline hata lori husimama. Hapo ndipo jirani yetu alipotolewa garini kwa bunduki."

Mume akazima injini. "Mama Mwende, nisiendeshe gari ninalolipenda kwa sababu ya wezi?"

"Lipende. Lakini wao wasilipende."

Sikuweza kumlaumu yeyote. Zamani tulinunua gari tukiwafikiria watakaolisifu. Siku hizi tunamfikiria anayelingoja shimoni.

Wakakubaliana na muuzaji: gari watalichukua, lakini springi ziinuliwe, lipakwe kijivu, bawa litolewe leo leo. Fundi wa gereji akamtazama mume, mume akatazama upande wa sokoni.

Mama akampa mumewe mkoba wake wa kanisani ashike, akaomba spana, akalifungua bawa mwenyewe.