Nilimwambia mgonjwa X-ray haiponyi, maumivu yakarudi pale pale

Wakuu, salamu kutoka Kampala. Jambo hili nimekaa nalo miaka mingi, leo nalitoa kama lilivyokuwa. Nikikosea mahali ni kumbukumbu, siyo chumvi.

Mimi ni mpiga picha za X-ray hospitali ya serikali. Shule yangu ni ya kuungaunga. Baada ya vita vya 1986 watu walikuwa wachache, nikachukuliwa kuosha film kwenye chumba cha giza, baadaye wakanipeleka kutafuta cheti. Kwa hiyo msinitegemee kwa sayansi kubwa.

Kazi yetu ina sheria moja: unapiga, unaosha, mgonjwa anapeleka film kwa daktari. Wewe humsomei. Hata ukiona kitu, uso wako usiseme.

Basi, miaka ya tisini mwanzoni akaja mama mmoja wa Zaire (Kongo tuliiita hivyo), muuza dagaa soko la Kalerwe. Kifua kinamchoma upande wa kulia, anatembea ameinama. Kwa kuwa najua Kiswahili, wenzangu wakanisukumia.

Nikamsimamisha kwenye ubao wa kuwekea film. Vuta pumzi. Bana. Mashine ikanguruma. Achia.

Akajinyoosha, akajipapasa ubavu, akacheka. "Eh, musawo! Imetoka!"

Musawo ni mganga. Huku kila mwenye koti jeupe ni musawo, hata mimi.

Nikaenda kuosha film. Kurudi, benchi tupu. Wagonjwa wenzake wakasema ameaga, amepona.

Tumtendee haki. Una maumivu ya wiki nyingi, unaingizwa chumba chenye mlango mzito, unaambiwa ubane pumzi, chuma kinanguruma, halafu "haya, vaa." Hata mimi ningedhani nimetibiwa. Na hakuna aliyemwambia tofauti.

Film ilipokauka, upande wa kulia ulikuwa mweupe pasipotakiwa. Nikampelekea daktari aliyemtuma. Akaiinua dirishani.

"Huyu asikae hivi. Mtafute. Ila ugonjwa usimweleze, hiyo kazi niachie mimi."

Kesho yake nikaenda Kalerwe na bahasha ya film kwapani. Jirani yake, muuza nyanya, akapaza sauti: "Mama dagaa, mchumba kafika! Barua yake kubwa kama mlango!"

Watu wakacheka. Mama naye akacheka, akainua gunia la dagaa peke yake.

"Unaona? Juzi singeweza. Ile taa yako iko na nguvu, kaka. Daktari wa nini tena?"

Hapo nikakwama. Njia rahisi ilikuwepo: niseme dozi ya pili iko kwa daktari. Angekuja akiimba. Lakini nikawaza, akipewa vidonge si atavitupa, aje kuniomba taa? Au labda niliogopa tu kusema uongo. Mpaka leo sijui lipi lilitangulia.

"Mama, ile siyo dawa. Ni picha tu, kama ya studio. Haijakutibu kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Wakuu, naapa. Aliliweka gunia chini taratibu, mkono ukaenda ubavuni, akakaa juu ya ndoo. Jasho likamtoka. Kikohozi kikaanza.

"Nilikuwa nimepona," akasema. "Wewe umenirudishia."

Muuza nyanya aliacha kucheka. "Ssebo," yaani bwana, "umemfanya nini?" Akamfunikia dagaa wake, akamwambia, "Nenda, nitakuuzia."

Tukaenda hospitali, mama mbele ameshika ubavu. Alitolewa maji kifuani, akala vidonge vya kifua kikuu miezi mingi, akapona kabisa. Lakini sokoni alisema taa ilikuwa imeanza vizuri, mimi ndiye niliyeiharibu kwa maneno. Dagaa aliendelea kuniuzia, ila bila nyongeza.

Tangu pale namwambia kila mgonjwa kabla hajagusa ubao: hii ni picha, haitibu, ngoja film. Wapo ambao nyuso zinawaanguka.

Nilichojifunza ni kwamba ukweli ukiutanguliza humnyang'anyi mtu kitu. Ukiuchelewesha, unamkuta ameshapata nafuu yake, na wewe ndiye unayeivunja.

Ila sina hakika na siku ile. Ningeweza kunyamaza mpaka afike kwa daktari, angalau atembee ile njia bila maumivu. Wenye kazi za hospitali, na nyinyi mliowahi kupona kabla ya dawa, semeni: mngemwambia pale pale kwenye dagaa zake?